Blanketi Niliyotoa kwa Sanduku

Barua ya chuo iliingia kwa simu asubuhi ya Jumanne, na kufika saa sita nilikuwa nimeshaitoa kwa karatasi kule saiba, duka la kompyuta la Muthetheni. Mimi kungoja siwezi, hata nikiwa mtoto nilikuwa nakula maembe kabla iive. Karatasi zilikuwa tatu. Ya kwanza ilisema nimechukuliwa. Ya pili ilikuwa ya karo, hiyo nilimpatia mama bila kusoma. Ya tatu ilikuwa orodha ya vitu vya kubeba, na nilisoma nikitembea mpaka nikakanyaga mavi ya ng'ombe. Blanketi mbili nzito. Sweta mbili. Koti. Gambuti. Soksi za sufu. Halafu chini kabisa, kwa herufi kubwa kama wanatupigia kelele: ELDORET NI MJI WA BARIDI. JIANDAE.

Sasa, kwetu hakuna mtu anajua kujiandaa na baridi. Sisi tunajiandaa na jua. Tunajua kuficha maji, kufukia mbegu tukiomba Mungu, kulala dirisha wazi. Sweta ni ya asubuhi za Julai na ya kuvaa kanisani watu waone uko nayo. Mimi na dada yangu tulikuwa tunalala kitanda kimoja na blanketi moja, na miezi mingi hiyo blanketi tulikuwa tunailalia badala ya kujifunika.

Kwa hivyo niliamua kujifundisha baridi. Niliandika mpango kwa kitabu changu, hiki naandikanga kila siku tangu kidato cha pili. Saa kumi na moja asubuhi, kuoga maji ya tangi bila kupasha. Kutembea kwa umande bila viatu mpaka kwa ua na kurudi, mara tano. Kulala bila kujifunika. Mama mmoja jirani, ambaye zamani alichuma majani chai huko Limuru, aliniambia nisioge wiki ya kwanza, nipake mafuta ya mgando mpaka kwa masikio, na nisisimame karibu na mtu anakohoa. Niliandika yote.

Dada yangu alikuwa ananiangalia kutoka mlangoni, mimi nikitetemeka kwa umande.

"Baridi haifanyiwi mtihani," alisema.

"Angalau mimi niko na mahali naenda kufanya mtihani."

Aliingia ndani kuwasha moto. Hivyo ndivyo tulikuwa tunaongea mwezi ule wa nane, na ni mimi nilikuwa naanza.

Dada ananishinda miaka saba. Alikuwa ameolewa upande wa Masii, miaka mitatu, bila mtoto. Mwezi wa tano mama mkwe wake alimwambia mbele ya wageni, "Hata kuku nikinunua sokoni inanitagia." Dada akaosha vyombo vya wale wageni, akapanga vizuri, akachukua begi moja akaja nyumbani. Na kwetu mwanamke akishatoka hivyo hajirudishi na miguu yake. Anangoja. Bwana anakuja kumchukua na mzee wa kwao, wanakaa chini, wanaongea, wanakunywa chai, anarudi naye. Akienda mwenyewe amejidharau, na watamkumbusha mpaka azeeke. Kwa hivyo dada alikuwa anangoja. Kila Jumapili alikuwa anasuka nywele upya na kufagia uwanja mpaka kwa njia. Bwana yake alikuwa anapiga simu mwanzo mwanzo, baadaye akawa anapiga mara moja moja.

Mama alikuwa amechoka na huo ungojaji. Baba alikufa nikiwa darasa la sita, kwa hivyo mwenye boma ni yeye, na maneno ya kiume ni yeye anasema. Siku moja mwezi wa saba alichukua simu ya dada akapigia huyo mama mkwe mwenyewe. Mimi nilikuwa hapo nachambua maharagwe.

"Nawapatia mpaka mwezi wa nane iishe," mama alisema. "Ikiisha kama hamjakuja, nafunga mbuzi hapa kwa mlango na blanketi yenu kando yake. Mkuje mchukue, tumalizane."

Lazima nielezee hii. Mtu akitaka msichana kwetu, watu wake wanaleta mbuzi tatu za kwanza, tunaita ntheo. Zikishapokewa, huyo msichana ni wao, hata kama mengine yote hayajaletwa. Na siku ya ntheo ya dada walileta pia blanketi ya mama. Nzito, ya kahawia, iko na picha ya simba anaangalia mbele, ndani ya mfuko wa plastiki wa zipu. Watu wakitaka kuvunja ndoa, upande wa msichana unarudisha mbuzi moja. Ni mbuzi ya kukataa. Ikishavuka ua na kupokewa imevuka, hakuna kusema tulikuwa tunacheza. Ndio maana mama hakuwahi jifunika ile blanketi hata siku moja. Ilikuwa kwa sanduku ya chuma chini ya kitanda chake, na dawa ya nondo. Alikuwa anasema ni kitu ya watu mpaka apate mjukuu.

Mimi nilikuwa naiwaza hiyo blanketi tangu nisome orodha.

Kwanza tulienda kutafuta koti. Tulienda Masii siku ya soko, mimi na dada. Mimi nilijua kwa nini amekubali haraka hivyo. Alivaa ile rinda yake ya bluu na akapaka mafuta kwa miguu, eti ni kwenda mtumba tu.

Yule kijana wa makoti alituona tukiwa mbali.

"Msupa, wewe unaenda wapi na hii jua, ndio nijue nikupatie gani?"

"Eldoret."

"Eldoret? Basi hizi zote ni vesti." Aliingia chini ya meza akatoa koti moja nyeusi, ndefu mpaka kwa magoti, iko na kofia ya manyoya. "Hii ilivaliwa na mtu wa barafu. Ukifungua mfuko unapata samaki imeganda."

Nilivaa. Jua ilikuwa ya saa saba, jasho likaanza kutiririka kwa mgongo, na watu wakasimama kuangalia. Mama mmoja wa nyanya aliuliza kama ninaumwa na malaria. Nilikataa kuvua. Nilitaka wajue mimi nimepita hii soko yao.

Tulipogeuka, mama mkwe wa dada alikuwa hapo hapo, anauza pojo kwa gunia. Dada alisimama kama mtu ameitwa na mwalimu. Alienda akainama, akasalimia vizuri na mikono mbili.

"Umekuja kununua ama kutembea?" mama mkwe aliuliza.

"Tumekuja kununua koti, mama. Ni ya huyu. Anaenda Eldoret chuoni."

Yule mama aliniangalia kutoka kofia mpaka viatu, mimi nikiwa natoa jasho kama sufuria.

"Huyu ndio anaenda?" alisema. "Nilidhani ni wewe umepata mahali."

Akapimia mteja wake pojo. Dada alingoja kidogo, labda kuna kitu ingine ataambiwa. Hakuna. Tuliondoka.

Njiani kurudi, dada hakuongea, na mimi kimya ya mtu mwingine inaniwasha. Ningeweza kusema yule mama ni mbaya. Ningeweza hata kumshika mkono. Nilisema, "Mimi niko na barua ya kuitwa. Wewe umeitwa na nani?"

Aliendelea kutembea. Halafu akasema, polepole, kama anajibu swali la kawaida, "Hiyo kofia geuza ndani, itashika vumbi."

Niliandika hayo maneno yangu kwa kitabu jioni hiyo. Nilikuwa nayaona ni mazuri. Niliyapigia mstari.

Kesho yake nikamwambia mama wazi. "Mwaitu, nipatie ile blanketi ya simba. Orodha inasema mbili, na ile yetu ya kitanda haitoshi hata moja."

"Hiyo si yangu na si yako."

"Imekaa kwa sanduku miaka mitatu. Ni mimi naenda kwa baridi."

"Nitakutafutia ingine."

"Lini?"

"Nimesema nitatafuta. Wewe utakuja kuolewa na saa."

Kungoja tena. Katika hii nyumba kila mtu alikuwa anangoja, mmoja bwana, mwingine mjukuu, na mimi nilikuwa nimebakisha siku nne.

Ijumaa, mama alipanga sherehe kidogo ya kesho yake. Akina mama wa kanisa wangekuja kuniombea. Alichagua mbuzi moja kwa zizi yetu, nyeupe iko na doa kwa shingo, akaifunga kwa nguzo ya mlango ili isitoroke na zingine, akaniambia niipatie maji. Halafu akaenda Muthetheni kununua mchele na mafuta ya kupikia.

Alipopotea kwa kona nilichukua funguo. Ilikuwa kwa msumari nyuma ya mlango, sote tunajua. Nilifungua sanduku, nikatoa blanketi. Mpango wangu ulikuwa niiweke chini kabisa ya sanduku yangu ya chuo, chini ya nguo, na mama atagundua mimi nikiwa nimefika. Lakini dawa ya nondo ilikuwa inanuka mpaka macho inawasha. Nikaitoa kwa ule mfuko wa zipu, nikaianika kwa kamba ya nguo. Simba aliangalia shamba yetu karibu saa mbili nzima. Dada alipita na ndoo.

"Mama amekupatia?"

"Amenipatia."

Aliangalia simba, akaniangalia mimi. Akaenda na ndoo yake bafuni. Bafu yetu ni mabati manne nyuma ya nyumba, hatua kumi kutoka mlango, ukiwa nje unaona miguu ya mtu anayeoga.

Mimi nikakunja blanketi, nikaifunga msalaba na kamba ya katani, nikaiweka juu ya stuli hapo mlangoni nikienda kufungua sanduku yangu. Stuli ilikuwa kando ya mbuzi. Sikuwaza. Nilikuwa nawaza Eldoret.

"Hodi hapa."

Niligeuka. Kwa njia walisimama wawili, bwana ya dada na baba yake mkubwa, yule mzee alikuja kuongea siku ya ntheo. Bwana alikuwa amevaa shati safi ya mikono mirefu, imepigwa pasi mpaka mstari, na kwa mkono alikuwa na mfuko wa karatasi. Mzee alikuwa na koti ya suti na fimbo. Zilikuwa zimebaki siku tano mwezi wa nane uishe.

"Karibuni," nilisema.

Mzee hakukaribia. Aliangalia mbuzi. Akaangalia blanketi. Macho yakarudi kwa mbuzi.

"Mwiitu, wewe msichana, mama yako yuko?"

"Ameenda soko. Anarudi saa hii."

"Hiyo blanketi. Si ni ile tulileta sisi? Huyo simba nilimbeba mimi mwenyewe kwa bega."

"Ndio ile."

"Ilikuwa kwa sanduku?"

"Ndio."

"Imetolewa na nani?"

Hapa nataka kuandika ukweli, kwa sababu nimeandika hii siku mara tatu kwa kitabu na mara zote nimejihurumia. Ningesema sikuelewa. Nilielewa. Nilichelewa kidogo tu, kama vile unasikia harufu ya maziwa kabla uone imechemka ikamwagika. Niliona mbuzi, niliona stuli, nikasikia ile simu ya mama ya mwezi wa saba neno kwa neno. Nilijua wanafikiria nini. Na nilijua pia nikisema "ni mimi nimetoa," wataambia mama, na mama atajua nimeiba, na blanketi itarudi kwa sanduku.

"Mama ndio alitoa," nilisema.

Mzee aliitikia na kichwa, pole pole, kama mtu amesomewa barua.

"Labda tumngoje mama," bwana ya dada alisema.

"Aseme nini tena? Kwa simu alisema, sasa amefanya. Na tumekuja kabla ya siku zake kuisha. Hata hizo siku hakutupatia zote."

Bwana alinitazama. Yeye alikuwa ananiita kadogo tangu nikiwa darasa la nane, na siku moja alinitengenezea kiatu. "Kadogo," alisema, "dada yako anajua hii?"

Huko bafuni maji yalikuwa yamenyamaza. Niliona miguu yake chini ya mabati, imesimama juu ya jiwe, na povu ya sabuni inashuka kwa vifundo. Alikuwa anasikia kila kitu. Lakini kwetu kuna nthoni, ile heshima ya aibu kati ya mtu na wakwe. Huwezi kuita baba mkwe ukiwa uchi, hata kama kuna mabati katikati. Huwezi hata kukohoa. Angesema neno moja hapo, hilo neno lingekuwa la aibu kuliko mbuzi. Alikuwa anangoja mimi niseme.

"Sijui," nilimjibu bwana yake. "Muulize."

Mzee alishafungua kamba ya mbuzi. Bwana aliinua blanketi akaiweka kwa bega, simba akaangalia nyuma, na pale kwa stuli ilipokuwa akaweka ule mfuko wa karatasi. Sijui kwa nini aliuacha. Nafikiri hakujua atarudi nao vipi. Walienda. Mbuzi ilikataa kidogo kwa njia, mzee akaigusa na fimbo, ikavuka.

Dada alitoka amejifunga leso, sabuni imekauka kwa shingo na kwa nywele. Walikuwa wamefika kwa shamba ya jirani, bado unaona shati. Hakukimbia. Mwanamke wa kwetu hakimbilii bwana akiwa na mzee wake. Alisimama mpaka shati ikapotea, halafu akachukua ule mfuko akaangalia ndani.

"Sukari na majani chai," alisema. "Alikuwa amekuja."

"Si ungevaa haraka," nilimwambia.

"Ulisema mama ndio alitoa."

"Mama angenichapa."

"Ungechapwa," alisema. "Ungechapwa kidogo."

Akarudi bafuni kumaliza kuoga. Nilisikia akijimwagia maji, pole pole, kopo moja baada ya ingine, kama mtu hana haraka ya mahali popote.

Mama alirudi na mchele kwa kichwa. Kitu ya kwanza aliuliza ni mbuzi. Dada alikuwa amekaa na kanga kavu anachana nywele.

"Muulize," alisema, na akanionyesha na kichana.

Nilieleza yote. Niliongea haraka, nikiwa nimeshika mkono wangu mwenyewe. Mama alitua mchele, akakaa juu yake. Nilingoja fimbo. Nilitaka ile fimbo. Ingekuja, tungekuwa tumelipana, ningelia na wangeninyamazisha. Mama alichukua simu.

Yule mzee alishika. Mama alieleza, msichana, chuo, Eldoret, uongo, yote. Alijidharau kwa simu mpaka mimi nikaangalia chini. Kwa sauti yake nilijua jibu hata kabla mzee aseme.

"Tumeshapokea," mzee alisema. Simu ya mama huongea kwa nguvu, sote tulisikia. "Huwezi kutuita tukukataze kitu umefanya mwenyewe."

Mama hakuacha hapo. Alimpigia baba mdogo, ndugu ya baba, anavunja mawe huko Lukenya. Alikuja Jumamosi asubuhi bado ana vumbi nyeupe kwa kope, akaenda Masii bila kunywa chai, kwa sababu hayo maneno yanahitaji mwanaume wa ukoo. Alirudi saa kumi. Akina mama wa kanisa walikuwa kwetu wanakula wali na maharagwe. Walikuwa wameambiwa mbuzi imepotea.

Baba mdogo alimwita mama nyuma ya nyumba. Mimi nikafuata, hakuna mtu alinikataza.

"Nimemkuta yule mama yao," alisema. "Nikamwambia, blanketi ilikuwa ya msichana, anaenda Eldoret, kuna baridi. Unajua amenijibu nini? Amesema, 'Najua anaenda Eldoret, niliona koti kwa macho yangu. Lakini mbuzi nayo ilikuwa inaenda Eldoret?'"

Alicheka kidogo, bila kutaka, kwa sababu jibu lilikuwa zuri. Hata mama karibu acheke. Halafu akaweka mkono kwa mdomo.

"Na mbuzi?" mama aliuliza.

"Wamekula maini jana jioni. Niliona ngozi imetandazwa kwa ukuta."

"Na yeye? Kijana?"

"Alikuwa hapo. Amekaa tu. Mama yake akiongea anaangalia simu, na simu yenyewe imezima."

Ndani ya nyumba wale akina mama walianza kuimba. Waliniita katikati, wakaniwekea mikono kwa kichwa na kwa mabega, mikono kumi hivi, na mikono ya mmoja ilikuwa inanuka kitunguu. Waliomba Mungu anifunike kule kwenye baridi. Walisema neno funika mara nyingi sana. Dada alikuwa mlangoni amebeba sufuria, na kila wakisema alisema amina na wao.

Jumatatu yake nilisafiri. Dada ndiye alipanga sanduku yangu. Sikumuomba, nilirudi kutoka kisimani nikapata ameanza. Alikunja kila kitu vizuri, soksi ndani ya viatu, sweta ndani ya koti. Nilimwambia, "Asante, dada." Akafunga sanduku, akanipatia funguo. Tulipoagana alinishika mkono, siyo kunikumbatia, kama vile unaaga mgeni wa mama.

Nilifungua sanduku Eldoret, hosteli, mbele ya wasichana watatu nisiowajua. Katikati, chini ya nguo, kulikuwa na shimo mraba, saizi ya blanketi iliyokunjwa. Alikuwa amepanga nguo kuzunguka hiyo nafasi. Na ndani ya hiyo nafasi aliweka ule mfuko wa plastiki wa zipu, umefungwa, mtupu. Nilifungua zipu. Harufu ya dawa ya nondo ikatoka.

Baridi yenyewe sasa. Nilikuwa nadhani baridi ni kitu inakupiga, kama maji ya tangi. Hapana. Inakaa tu. Unaamka iko, unaenda darasani iko, unashika kalamu na vidole vimekuwa vya mtu mwingine. Maji ya kuoga yanauma mpaka kwa meno. Kule kutembea kwa umande hakukunisaidia hata kidogo. Nililala na koti nimefunga kofia, magoti yamefika kidevu, na msichana wa kitanda cha juu aliniuliza kama kwetu ni Pwani. Nilisema ndio, ni karibu.

Wiki ya kwanza nilimwandikia dada kwa simu: Nisamehe. Hakujibu. Nikaandika tena, nikaandika ndefu. Hakuna. Halafu Jumapili, saa zile alikuwa anasukanga nywele, akaniandikia neno moja.

Baridi?

Nikajibu: Ndio.

Akajibu: Sawa.

Na ikawa hivyo. Kila Jumapili. Baridi? Ndio. Sawa. Hajawahi kuniuliza kitu ingine, si masomo, si chakula. Mwezi wa kumi na mbili mama aliniambia kwa simu kwamba kule Masii wameleta msichana mwingine, wa Wamunyu, na tayari ni mjamzito. Nikauliza dada amesema nini. Mama akasema amefagia uwanja. Nikauliza mpaka wapi. Mama akasema, mpaka kwa mlango tu.

Jumapili hiyo nilidhani hataandika. Aliandika. Baridi?

Hapa mjini kuna soko, na blanketi zimejaa, za rangi zote. Nilipita hapo miezi mitano bila kununua, na kulala na koti. Sikuwa najinyima ili niwe mzuri. Nilikuwa naogopa Jumapili atauliza na mimi sitakuwa na jibu la kumpatia. Mwezi wa pili nilianza kukohoa, muuguzi wa chuo akanigombeza, na nikaenda nikanunua. Ni ya kijani, haina picha. Nilichagua ile haina picha.

Sijamwambia. Jumapili iliyopita aliuliza kama kawaida. Nilikuwa kitandani ndani ya hiyo blanketi, nimefunikwa mpaka kwa shingo, mguu mmoja nimetoa nje kwa sababu ya joto. Nikaandika: Ndio, dada. Mingi sana.

Nilingoja. Aliandika kitu, akafuta, akaandika tena.

Sawa.